Karai la Vitambulisho

Nianze na karai, kwa sababu mtu asiyejua karai ataniona mimi ni mtu mzuri kuliko nilivyo.

Lilikuwa karai la kawaida, lile la mafundi wa mjengo la kubebea mchanga. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu askari alilitoa nje ya geti ya kiwanda cha makadamia pale Thika, kiwanda ambacho mpaka leo ndicho kinanilisha, akaliweka juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Sisi vibarua, wanawake karibu mia mbili msimu ukiwa mzuri, tulipita kwa mstari na kila mmoja akatia kitambulisho chake. Kisha supavaisa wa geti alikuja, akakunja mkono wa koti, akauzamisha mkono ndani, akageuza uso kando akaangalia nguzo ya stima ili sote tuone kwamba haangalii. Kitambulisho kimoja, jina moja. Ukiitwa unaingia, unavaa aproni na kofia ya wavu, leo umepata kazi. Usipoitwa unachukua kitambulisho chako unarudi nyumbani.

Zamani hapakuwa na karai. Zamani alisimama tu pale getini akachagua kwa macho na kwa jina, wa kwao kwanza. Mtu fulani akaandika barua ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, wenye kampuni wakashtuka, wakaleta karai. Wakabandika na karatasi ukutani: hapa kila mtu ana nafasi sawa ya kazi, bila kujali kabila, dini, jinsia wala ulemavu. Waliitia ndani ya plastiki isiharibiwe na mvua. Mimi nikiiona karatasi hiyo hasira hunishika mpaka leo, na naiona kila siku.

Tata, yaani dada ya mama yangu, mfanyakazi wa siku nyingi wa kiwanda hicho, ndiye aliyenipeleka pale. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika getini, alinivuta nyuma ya kibanda cha chai, akatoa uzi mweusi wa kusukia nywele, akaukata kwa meno, akauzungusha mara moja kwenye kitambulisho changu na kufunga fundo dogo.

"Usiulize," akaniambia.

Nikauliza. Mimi huuliza. Akanieleza kwa Kikuyu, sauti ya chini. Supavaisa ni wetu. Mkono wake ukiwa chini ya vitambulisho, kidole gumba kinatafuta uzi. Akiupata anauvua hukohuko ndani, anatoa kitambulisho kikiwa kisafi, anasoma jina. Macho yako kwa nguzo ya stima, kidole kiko kazini. "Kamuingi koyaga ndiri," tata akamaliza, methali yetu ya kwamba watu wachache wakishikana huinua kinu. Kinu kikimwangukia mtu mguuni, hilo halikuwa ndani ya methali.

Wala hawakuwa wajinga. Nafasi zilikuwa kama tisini kwa siku, na wenye uzi kama arobaini. Zile zilizobaki zilitoka vile mkono ulivyoshika, ili karai lionekane ni karai. Kwa hiyo wale wengine, wa kutoka Busia, Kakamega, Kisii, Ukambani, waliingia siku moja, wakakosa mbili tatu, wakaingia tena, wakaenda nyumbani wakisema ni bahati. Geti ikishafungwa askari alifagia nyuzi nyeusi zilizobaki. Mahali penye wanawake mia mbili, uzi wa nywele uko chini, nani atauliza?

Jirani alikuwa mmoja wa hao waliosema ni bahati. Namwita Jirani kwa sababu ndivyo tulivyoitana, yeye na mimi, mlango kwa mlango kwenye ploti moja ya vyumba vya mabati pale Mugutha, mfereji mmoja, kamba moja ya nguo. Kwao ni upande wa Bungoma. Mume wake alikuwa mtu wa mjengo, leo Mwiki, kesho Juja, akifika nyumbani mwisho wa wiki na mkate au bila mkate. Walikuwa na msichana mmoja wa miaka tisa, mwenye ule ugonjwa wa damu wa kurithi, seli mundu. Ugonjwa ukimshika, mifupa ilimuuma mpaka mtoto analia bila kutoa sauti. Mara mbili nimemsaidia mama yake kumbeba mpaka barabarani wakienda hospitali, na mara zote mbili walirudishwa mapema kwa sababu ya pesa.

Na kazi aliijua, aki. Makadamia ikishavunjwa ganda, kokwa hupita kwenye mkanda mbele yenu, na kazi yako ni kutoa mbovu: iliyotobolewa na mdudu, iliyobadilika rangi, iliyoshika ukungu. Mwaka wa kwanza mimi nilipitisha takataka nyingi mpaka nikawa nafokewa mbele ya watu. Yeye ndiye aliyenifundisha. "Usiangalie moja moja, Jirani. Angalia nyeupe zote pamoja, mbaya itajitokeza yenyewe. Na macho yakichoka tumia vidole. Mbovu ni nyepesi." Wasimamizi wapya wakiletwa ndani, na wote walikuwa wa kwetu, waliwekwa kando yake wajifunze. Wakishajua, wanakuwa wakubwa wake.

Kilichoniuma ni kwamba aliliamini karai. Angekuwa mtu wa kulalamika ningeweza kumchukia kidogo, na mambo yangekuwa rahisi. Lakini yeye alijilaumu. Akikosa siku tatu mfululizo alisema, "Nyota yangu haing'ari, Jirani, sijui nilikosea wapi." Mara atie kitambulisho awe wa kwanza, mara awe wa mwisho kabisa, mara akitie picha ikiangalia chini, akijaribu kuona ni njia gani karai linapenda. Siku moja tukitembea kuelekea barabarani aliniuliza, "Kwani wewe hutia namna gani? Wewe huwezi kukosa."

"Hivyo tu," nikasema.

Usinitazame hivyo. Nilikuwa na mapacha wa miaka mitatu, baba yao amehamia kwa mwanamke mwingine, na tata ndiye aliyenilipia nyumba miezi miwili ya kwanza. Ningesema nini? Niseme kwamba Mungu anayemwomba hana habari na karai, ni kidole cha mtu? Nilinyamaza miaka minne. Kunyamaza huanza kama adabu, halafu kunakuwa tabia.

Sasa, msimu mmoja ukikaribia kuisha, tangazo likabandikwa chini ya ile karatasi ya nafasi sawa. Watu kumi na wawili wa kuchambua makadamia watapewa kandarasi ya mwaka mzima, na bima ya hospitali kwa mfanyakazi na watoto wake. Watapatikana kwa karai, Jumatatu. Jirani alilisoma akifuata maneno kwa kidole, akarudia mstari wa bima.

"Na watoto wake," akasema. "Wameandika na watoto wake."

Njiani kurudi hakuongea kitu kingine. Kandarasi hiyo kwake ilikuwa ni mtoto kulazwa hospitali mpaka apone, badala ya kurudishwa akilia. Jioni akaja mlangoni kwangu akaniambia anaanza kufunga, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, bila chakula, bila maji. Akaniomba niwe nikisimama naye kwa maombi saa kumi na mbili jioni. Nilisimama. Alinishika mikono yote miwili, akafumba macho, akaomba: "Baba, ingia mwenyewe kwenye hilo karai. Shika mkono wa yule mtu, uuongoze mpaka kwa jina langu."

Nikasema amina. Ijumaa nikasema amina, Jumamosi nikasema amina.

Jumapili mchana nilikuwa nafua pale mfereji. Tata alikuwa ameshagawa nyuzi baada ya kanisa, kumi na mbili kwa nafasi kumi na mbili, moja yangu, moja ya binti yake wa mwisho. Jirani alikuja na mtungi. Alipoinama kufungua maji akaenda chini mzima mzima, na mtungi ukabingirika mpaka kwa mlango wa mwenye ploti. Nilimweka kichwa kwenye mapaja yangu. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Nikapiga kelele nikaletewa maji ya sukari, nikamwekea kikombe mdomoni, akakaza meno.

"Imebaki kidogo," akasema. "Usiniharibie, Jirani. Imebaki leo tu."

Nikaondoa kikombe. Nilikaa pale chini na aproni yangu ya kufulia ikiwa imelowa, kichwa chake kwangu, na nilihisi nachukia kila mtu, kiwanda, tata, yule mwanaume na nguzo yake ya stima, na yeye pia, kwa kuamini namna hiyo. Hapo ndipo niliamua kwamba kesho nitamfungia uzi.

Sikujua nitakipataje kitambulisho chake, lakini njia ilipatikana yenyewe. Jumatatu alfajiri msichana alishikwa na maumivu. Jirani alinigongea dirisha, mtoto yuko mgongoni, akanipitishia kitambulisho kupitia chuma za dirisha. "Nitilie," akasema. "Nampeleka kliniki Ruiru, nitakupata getini. Tafadhali usisahau." Nikamwambia atembee tu.

Nywele zangu zilikuwa zimesukwa kwa uzi wakati huo. Nilikata kipande, nikakizungusha kwenye kitambulisho chake kama tata alivyonifundisha. Changu kilikuwa kimeshafungwa tangu jana.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nimelirudia kichwani mara nyingi. Nyuzi zilikuwa kumi na mbili, nafasi kumi na mbili. Nikiongeza wake, zinakuwa kumi na tatu, na mmoja wetu lazima akose. Ningeuvua wangu. Ningempa yeye nafasi yangu na hakuna mtu angejua kitu. Nililifikiria jambo hilo nikiwa nimekaa kitandani, vitambulisho viwili mkononi, nikaona sura za mapacha wamelala, nikaviweka vyote viwili mfukoni vikiwa na nyuzi zake. Nilitaka kutenda wema usionigharimu. Nikajiambia labda supavaisa ataongeza mtu mmoja, labda mkono wake utapitwa na uzi wa mtu mwingine. Labda.

Getini palikuwa pamejaa. Nilivitia vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Jirani alifika na leso ya mtoto begani, supavaisa akiwa anakunja mkono wa koti. Msichana alikuwa amechomwa sindano na kuachwa kwa mwanamke wa kanisa lao. Akanishika kiwiko. Sikumwangalia.

Supavaisa akaanza kutoa na kuita majina. La kwanza, la pili, la tatu, wote wetu, na wale wengine wakipiga makofi kwa heshima, kwa sababu bahati ni ya Mungu. La tano lilikuwa langu. Jirani alinikumbatia mpaka nikakosa hewa. La saba, supavaisa alitoa kitambulisho na kuita jina la kwanza, la ubatizo, jina ambalo hata wetu wengi wanalo. Halafu akafika jina la pili, likamkwama. Alikiangalia kile kitambulisho, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Kidole chake kilikuwa kimemwambia kitu kimoja na macho yanasoma kingine. Lakini jina la kwanza lilikuwa limeshatoka, na watu mia mbili wanasubiri la pili. Akalisoma.

"Niko," Jirani akasema. Kisha akapiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya meza, na wanawake wa kutoka magharibi wakampigia vigelegele. Wengine walilia. Nami nililia, mtu asidhani sikulia.

Kitambulisho cha kumi na mbili kilipotoka, karai likamwagwa mezani watu wachukue vyao. Kitambulisho cha binti ya tata kilikuwa katikati ya vingine, uzi ungali juu yake. Tata aliuona kabla ya mtu mwingine. Aliuvua, akauweka mfukoni, akainua macho akanitafuta mimi moja kwa moja.

Jirani alikuwa mtu wa kandarasi kwa saa sita. Asubuhi hiyo aliimba kwenye mkanda, nyimbo za kwao, na kokwa zikapita mbele yake safi kabisa. Wakati wa chai alikunywa vikombe viwili na mandazi tatu akasema tumbo limesahau kazi yake. Aliniambia atakachofanya: kwanza picha za kadi ya bima, halafu hospitali kubwa ya Thika, amwambie daktari asimwandikie mtoto dawa ya kumaliza siku, amtibu. Nilimsikiliza nikiitikia. Nilianza kufikiri labda imepita.

Saa nane tuliitwa stoo, yeye na mimi. Ndani palikuwa na supavaisa, tata, na magunia. Supavaisa aliweka kipande cha uzi juu ya meza.

"Nani alikuonyesha hii?" akamuuliza Jirani.

"Hii nini?"

"Hii uzi."

Jirani aliuangalia akauangalia tena. Naamini kwa kweli hakuelewa. Akaanza kueleza kwamba mtoto aliugua usiku, kwamba kitambulisho hakukitia yeye, alimpa jirani yake amtilie, na hapo akasimama katikati ya neno. Macho yake yalitoka mezani, yakapanda mpaka kichwani kwangu, kwenye nywele zangu zilizosukwa kwa uzi uleule, kisha yakamwendea tata, yakamwendea supavaisa, yakarudi kwa meza. Nilimwona akihesabu ile miaka minne, asubuhi moja moja.

Tata aliniuliza kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka mtaro: ni wewe ulifunga, au alikuja nao hivyo? Alitumia na lile neno letu la kuwaita watu wa makabila mengine, neno ambalo silitaji hapa. Alikuwa ananipa mlango. Tulijua wote wawili kwamba Jirani amekaa Mugutha miaka ya kutosha, anasikia Kikuyu chote.

"Nilikitia vile alivyonipa," nikasema. Na nililisema kwa Kiswahili, ili lisiwe na shaka.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningetaka anitukane. Supavaisa alichukua kalamu akaandika kwamba jina limefutwa kwa sababu kitambulisho kilitiwa na mtu mwingine, kinyume cha utaratibu wa nafasi sawa. Hakuna aliyeandika uzi. Tena ilikuwa ni kweli tupu, kitambulisho kilitiwa na mtu mwingine, hata hakimu angesoma angekubali. Nafasi ikaenda kwa binti ya tata. Jirani akaambiwa asionekane tena getini msimu huo, na msimu wa mtu aliyefukuzwa, unajua, huwa hauishi.

Jioni alinikuta nikianua nguo. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na haraka.

"Kesho twende ofisi ya leba," akasema. "Wewe useme tu huo uzi ni wa nini. Hayo mengine nitasema mimi."

"Kesho siwezi. Ndiyo natia sahihi kandarasi."

"Kesho kutwa?"

"Kesho kutwa tutaona."

Kesho kutwa ilipofika nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikaanza kutoka nyumbani mapema na kurudi nikipitia njia ya nyuma. Mwisho wa mwezi mume wake alikuja na mkokoteni wakahamia Mwiki. Aliniachia ndoo yangu aliyokuwa ameazima, imeoshwa, mlangoni.

Miaka mitatu imepita tangu siku hiyo. Kandarasi yangu imeandikwa upya kila mwaka na sasa mimi ndiye ninayekagua wanaochambua. Nasimama nyuma ya wasichana wapya nawaambia: angalieni nyeupe zote pamoja, mbaya itajitokeza yenyewe. Wananisifu kwamba najua kufundisha. Mapacha wana kadi ya bima, na nashukuru, na kila nikiitoa kwenye mkoba naona aibu. Nimeshazoea kuviona viwili hivyo pamoja.

Mwaka huu tata amestaafu, miguu imekataa. Wiki kama sita zilizopita aliniita nyumbani kwake, akanipikia, akanitolea mfukoni donge la uzi mweusi akaniwekea mkononi. "Sasa ni wewe," akasema. Wa kwetu wapya wako wengi, na mtu lazima awaonyeshe. Nililipokea. Sikusema ndiyo, sikusema la. Nilisema asante ya chakula.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nilikuwa nimesikia kwa mwanamke mmoja wa zamani wa kiwandani kwamba Jirani ana kibanda pale Kamakis, nyuma ya zile hoteli za nyama choma. Nikaenda. Anapika ugali, sukuma na omena, na wateja wake ni wale wachoma nyama wenyewe, wanaochomea watu mbuzi kutwa nzima na hawawezi kununua kilo. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliponiona aliendelea kusonga ugali mpaka ukaiva, akapakulia watu wawili, ndipo akaja akakaa mbele yangu.

"Jirani," akasema.

"Jirani. Msichana je?"

"Yuko Bungoma kwa nyanya yake. Huko dada ya mume wangu ni nesi, mtoto akishikwa wanampokea. Namwona Desemba." Akaangalia barabara. "Ameshanipita urefu. Desemba iliyopita alinisalimia kama mgeni."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mugutha. Yote yakanitoka hovyo, uzi, stoo, mapacha, tata, donge la uzi lililokuwa kwenye mkoba pale mapajani mwangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifuta meza mahali palipokuwa pasafi.

"Uzi nilishasamehe," akasema. "Kila mtu anavuta upande wa watoto wake. Hata pale stoo uliponikana nilisamehe, ilichukua muda, lakini nilisamehe. Mtoto anaweza kukufunga mdomo, hilo najua. Ni ile siku nilianguka kwa mfereji, Jirani. Ulinishika kichwa. Ukanipa maji ya sukari nikakataa, na wewe ukaondoa kikombe. Ungeniambia tu, kunywa, Mungu hayuko ndani ya hilo karai, ni watu. Ningekunywa. Miaka minne nilifikiri ni Mungu ananikataa, na wewe ulikuwa unaitikia amina."

Mteja aliita chumvi, Jirani akaenda akampelekea, akarudi akasimama bila kukaa.

"Nitaenda ofisi ya leba," nikamwambia. "Nitasema yote. Uzi ninao hapa, nitawawekea mezani. Kesho asubuhi."

Aliniangalia bila chuki.

"Kesho gani, Jirani?"

Alikataa pesa ya chakula. Nilipanda gari nikarudi Mugutha.

Hiyo ilikuwa Jumapili, wiki tano zilizopita. Ofisi ya leba sijaenda. Donge la uzi liko bado kwenye mkoba wangu, na limepungua.